Mke Mwenzangu wa Hispania

Niliingia nyumba ile na sanduku moja, dawa zangu za kuzuia damu isigande na daftari jipya, kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Nilikuwa na miaka sitini na sita. Mwenyeji wangu, mama wa Kikolombia aliyenizidi miaka minne, alinifungulia mlango wa fleti yake ya ghorofa ya nne pale Elephant, kusini mwa London, akanibusu shavu, akamwaga maneno kwa mpigo mmoja bila kupumua. Sikudaka hata moja. Nikatabasamu, na kwa siku kumi zilizofuata kutabasamu ndiyo ikawa lugha yangu.

Mpango huo ulikuwa wa shule moja ya lugha. Wanafunzi wenye afya zao wanapelekwa Hispania, wanakaa na familia, wanakula nao na kubishana nao mezani mpaka lugha iwaingie. Mimi kila Alhamisi lazima nikapimwe damu kliniki, siwezi kupotea mwezi mzima. Mwalimu akanitafutia nyumba ya mtu anayeongea Kihispania hapa hapa London, saa moja tu kutoka kwangu Barking. Wiki nne. Sharti lilikuwa moja: ukivuka kizingiti, Kiingereza unakiacha nje pamoja na viatu. Kiswahili hakikutajwa, maana hakuna aliyedhani kingekuwa na kazi pale.

Sababu yangu ilikuwa moja, na ilikuwa na miaka saba.

Mwanangu wa kiume alikuwa mpishi katika hoteli moja kusini mwa Hispania. Alikwenda kwa msimu mmoja wa kiangazi, akaoa huko, akapata binti. Kila Jumapili mchana alikuwa akinipigia kwa video, yeye katikati, mkwe wangu kulia, mtoto mapajani. Mimi nasema Kiswahili, yeye anageuza. Wao wanasema chao, yeye ananirudishia. Sikuwahi kuona haja ya kujifunza lugha ya mkwe wangu, kwa sababu nilikuwa nimezaa mkalimani. Miaka miwili iliyopita moyo wake ulisimama akiwa kazini, jikoni, aproni kiunoni. Nilikwenda kuzika, nikarudi, na Jumapili iliyofuata simu ikaita. Nikamwona mkwe wangu kwenye kioo, naye akaniona, tukaangaliana. Tukalia kidogo. Hakuna aliyekuwa na neno la kumpa mwenzake.

Tuliendelea hivyo mwaka mzima. Tunapungiana mikono. Mtoto analetwa, anapunga, anakwenda. Baadaye akawa haletwi tena, na mimi sikuwa na maneno ya kuuliza kwa nini.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, mkwe akaniandikia ujumbe kwa mashine ya kutafsiri. Binti yangu akanisomea. Alisema ningeweza kwenda kwao Agosti, wiki mbili, chumba kipo. Ila mtoto hanifahamu, na siku hizi anaogopa watu wageni. Tuanze kuzungumza kila Jumapili, mimi na mtoto, taratibu, anizoee. Ikienda vizuri, karibu Agosti.

Watu wageni. Niliomba nisomewe mara ya pili.

“Mum, just use the app,” binti yangu aliniambia. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote, lakini ananijibu kwa Kiingereza tangu ameota meno. “Unaongea, inatafsiri. Everyone does it.”

“Bibi gani anamsalimia mjukuu wake kwa mashine?”

“A modern one.”

Nikamwambia mimi si wa kisasa, na nikajiandikisha.

Nilijipa moyo kwamba nazijua lugha tatu, ya nne itanishinda nini. Kisambaa nilinyonya, Kiswahili nilikutana nacho shuleni na sokoni, Kiingereza nilikibeba nikiwa na miaka ishirini na tisa hapa hapa mjini, nikibadilisha mashuka ya watu. Kumbe zile zote ziliingia kichwa kingine. Hiki nilichonacho sasa kinavuja. Mwenyeji wangu alibandika vikaratasi nyumba nzima, kwenye friji, kwenye kioo, kwenye pazia la bafu. Nasoma kikaratasi cha birika, najaza maji, nawasha, na maji yakichemka neno limeshaondoka. Nikiangalia tena naliona geni kabisa, halina hata aibu.

Asubuhi nilikuwa nikiamka kabla yake, nakaa kitandani nahesabu miezi kwa vidole. Januari mpaka Aprili sawa. Mei inapotea. Nikiipata Mei, Oktoba inakimbia. Nilifanya kazi nyumba ya wazee miaka ishirini na miwili, ghorofa ya wale wanaosahau. Naujua uso wa mtu anayetafuta neno, namna mdomo unavyobaki wazi na macho yanavyokwenda pembeni kama yanaomba msaada kwa ukuta. Nilikuwa nikiwasaidia kwa upole, nawapa neno, nasema hakuna tabu. Sasa uso ule nauona kwenye kioo cha bafu la watu, na vikaratasi pembeni. Niliogopa. Sikumwambia mtu, hata binti yangu. Hasa binti yangu.

Mwenyeji wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesafisha maofisi maisha yake yote, magoti yamekwisha, na alipenda mambo yaende kwa utaratibu. Alitaka nimwite kwa jina lake. Nitamwitaje kwa jina mtu aliyenizidi umri, tena nyumbani kwake? Nikamwita señora, neno lao la heshima kwa mama mtu mzima, mpaka mwisho, na yeye akachoka kunirekebisha. Tulikuwa na vita vingine vya vyombo. Mimi siwezi kukaa nimekunja miguu mwenye nyumba anaosha sahani. Nilikuwa nasimama, nakamata sifongo, yeye ananyang'anya, ananirudisha mezani na kunionyesha kiti. Kazi yangu pale, alieleza kwa mikono, ni kuongea. Lakini kuosha vyombo ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiweza katika nyumba ile.

Alikuwa na sheria yake ambayo hakuivunja hata siku moja. Nikitoka kuzungumza na mtu yeyote, iwe dukani, iwe kliniki, iwe kwenye simu, ananiketisha jikoni na kuniuliza: amesema nini? Namsimulia kwa Kihispania maneno ya yule mtu. Nikikosea ananikatisha, narudia. Nikikosea tena ananikatisha tena, mkono juu kama trafiki. Nikipata sentensi nzima safi, anasema “muy bien”, vizuri sana, hata kama nimesema maziwa yameisha. Aliisema mara chache mno. Ninazikumbuka zote.

Alhamisi nilikuwa naruhusiwa Kiingereza, kwa sababu ya kliniki. Nilikuwa nikikaa pale kwenye viti vya plastiki naongea na kila mtu. Naongea na nesi, na mzee wa pembeni, na mama wa mapokezi, nacheka, nachokoza. Nilisikia raha mpaka nikaona haya. Nilijiona mtu tena kwa saa mbili. Kisha narudi Elephant, navua viatu, na kwenye kizingiti nageuka bubu.

Jumapili ya kwanza nilimwambia mjukuu wangu habari za mchana, mimi ni bibi yako. Akaniuliza kitu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, sauti juu kidogo. Nikasema ndiyo. Akamgeukia mama yake, akasema jambo fupi, akashuka kwenye kiti. Mwenyeji wangu alipouliza amesema nini, sikuwa na la kusimulia. Jumapili ya pili niliandaa maswali, nikayaandika kwa herufi kubwa, nikayasoma. Unapenda shule? Unapenda samaki? Unapenda mvua? Mtoto alijibu ndiyo, hapana, hapana, akiangalia pembeni ya simu ambako nadhani palikuwa na televisheni. Alikuwa kama mtu anayejaza fomu.

Usiku ule sikula. Nilimwambia mwenyeji wangu kwa sentensi mbovu kwamba kichwa changu kimekufa. Akanirekebisha kitenzi.

Ndipo nikakumbuka mwiko.

Kwetu Lushoto, bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuniita kwa jina. Mimi nilikuwa mke mwenzake. Nikiingia tu uani, ananikunjia uso: we mwizi, umekuja tena kuniibia mume wangu? Mbaya we, hebu ona miguu hiyo, babu amekosa nini mpaka akutake wewe? Ananikimbiza na mwiko kuzunguka nyumba, na mimi nakimbia namtolea ulimi, namwambia wewe umezeeka, babu ananitaka mimi. Babu amekaa pale kwenye kigoda anasema jamani wake zangu msiniue. Bibi hakuwa akicheka hata kidogo wakati huo, na hapo ndipo palipokuwa na raha yenyewe. Kwangu mimi mpaka leo hakuna aliyewahi kunipenda kwa uwazi kama yule mama aliyeniita mwizi. Akiniita kwa jina langu halisi nilikuwa najua kuna msiba.

Mjukuu wangu aliwahi kuja Barking mara moja, ana miaka minne, akakaa wiki tatu. Siku ya pili tu nikamwanza. Mwanangu alikuwa kwenye kochi anafurahi mpaka machozi, anamfundisha jibu la Kiswahili neno kwa neno: babu wangu mimi. Babu yake mwenyewe alishatangulia kabla hajazaliwa, lakini utani haujali hilo. Mtoto alilishika jibu lile. Nikishika mwiko tu anapiga kelele, babu wangu mimi, anakimbia kuzunguka meza ya chakula na ulimi nje. Kila asubuhi alikuwa ananiletea mwiko mwenyewe kutoka jikoni ili tuanze.

Nikajiambia, kosa langu ni hili. Nimekuwa namhoji mtoto kama afisa wa uhamiaji, ndiyo maana hanijui. Nikimwita mke mwenzangu, atanijua.

Nilitaka iwe kazi yangu mwenyewe, bila mkono wa mtu. Hicho ndicho kiburi changu na sitakificha. Niliomba maneno moja moja, siku tofauti, nikiyachanganya na mengine ili asishtuke. Mwizi unasemaje? Mume je? Kuiba? Mbaya wa sura? Kuchapa? Mwenyeji wangu aliniuliza mwizi ni nani, nikacheka nikamwambia ni siri. Akadhani nafuatilia tamthilia yake ya mchana, ambayo kweli ilikuwa na wizi wa waume wa kutosha. Neno la mke mwenza hakuwa nalo, aliinua mabega tu, nikaliacha. Jioni nafungua bomba la bafu maji yatiririke, nafanya mazoezi mbele ya kioo. Mwizi wewe. Umeniibia mume wangu. Mbaya wewe. Agosti nakuja kumchukua, na nitakuchapa na mwiko huu.

Yakakaa. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, maneno yalikaa kichwani na kesho yake nikayakuta palepale. Niliosha uso nikajiona bado ni mtu mwenye akili. Nililala vizuri siku tatu mfululizo.

Jumapili ya tatu nilijifunga kanga kichwani kama bibi yangu. Mwenyeji wangu alikuwa jikoni anakaanga mikate yake ya mahindi. Nikaazima mwiko wake, akanipa bila kuuliza. Nikakaa sebuleni, nikaegemeza simu kwenye chupa ya maji.

Mtoto akatokea. Meno mawili ya mbele hayapo. Paji la uso ni la mwanangu kabisa, hata ile ndita moja ya katikati. Nikakunja uso kama nilivyofundishwa na mwenye fani. Nikasema yote. Sikukwama popote, sauti ilipanda palipotakiwa kupanda, na nilipofika kwenye mwiko nikauinua ukajaa kwenye kamera. Kisha nikasubiri ulimi.

Niliuona mdomo wake unatetemeka nikadhani anajizuia kucheka. Nikautikisa mwiko kidogo, kumsaidia.

Alishuka kwenye kiti polepole, bila kugeuza macho, namna unavyomkimbia mbwa. Kisha nikamsikia analia, na mlango ukafungwa. Kwenye simu kukabaki kiti kitupu na picha ya mwanangu ukutani. Nikacheka kwa nguvu ili wajue. Nilikuwa nafikiri wakisikia kicheko wataelewa. Kwa hiyo mkwe wangu alipokuja mbele ya simu alimkuta bibi kizee ana kilemba, ana mwiko mkononi, anacheka, na mtoto analia chumba cha pili.

Nilitafuta neno la utani. Katika maneno yote niliyoomba, hilo sikuliomba, kwa sababu kwetu utani hautangazwi. Unaanza tu, na mwenzako anajua kwa kuwa amezaliwa anajua. Nikasema si kweli, si kweli. Nikasema Barking, meza, miaka minne. Mkwe wangu aliningoja nimalize. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akaongea polepole sana, ananitazama machoni, kama anavyoongea mtu mwenye adabu na mgeni.

Binti yangu baadaye aliandika maelezo marefu, akayapitisha kwenye ile mashine yake, akaeleza mila yote, bibi, babu, mwiko. Mkwe alijibu kwa heshima. Alisema anaelewa kwamba kwetu ni upendo, na kwamba mtoto bado halali peke yake. “She's being really nice about it, Mama,” binti yangu aliniambia, akaniwekea mkono begani. Agosti imepita. Jumapili naweka simu kwenye chaji mapema, mazoea tu.

Lakini siku ile, simu ilipokatika, nilikuwa bado nimekaa sebuleni na mwiko mapajani. Mwenyeji wangu akaniita jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anageuza mikate, mafuta yanalia, hakuwa amesikia kitu. Nikaketi kwenye kiti changu. Akauliza, kama alivyouliza kila siku: amesema nini?

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Sikuhitaji daftari wala kikaratasi. Tangu nizaliwe ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia jambo zima kwa Kihispania na mimi nikalipokea lote kama lilivyo, na nikalirudisha kama lilivyo.

Nikamwambia: “Amesema, mtoto anakuogopa. Agosti usije. Usipige tena, nitakupigia mimi.”

“Muy bien,” akasema, bado anageuza mikate.

Kisha mkono wake ukasimama. Akazima jiko, akakaa kiti cha pili, na akanipokonya mwiko taratibu.